Mkono Uliomtuliza Ukukwi

Zamani porini, Ukukwi, nyoka mwembamba wa kijani, alikuwa akishtuka kila alipoguswa. Tumbili akamzoesha taratibu. Alipasha viganja joto juani, akamwinua kwa chini, wala hakumgusa kichwa.

"Tulia, mdogo wangu. Sikuumizi."

Ukukwi akazoea, hata akawa anasinzia mkononi.

Tumbili akampeleka kwa wenzake ili wamsifu. Ngiri akacheka. "Ushujaa gani huo? Umeshika kamba!"

Kesho yake Tumbili akarudi naye palepale. Wote walipomtazama, akamfinya Ukukwi mkia kwa siri. Ukukwi akavimba, akafoka kwa uchungu. Wanyama wakaruka nyuma wakishangilia, "Tumbili ni dume!"

"Vumilia, mdogo wangu," Tumbili akamnong'oneza, "wanatutazama."

Basi tangu siku hiyo Ukukwi haogopi mkono wowote, ila ule uliomfundisha kutoogopa.