Ufunguo Tumboni mwa Ardhi

"Geti ni langu, na hilo dude lako limelala mbele yake tangu jana kama ng'ombe aliyevimbiwa," alisema Doña Nicolasa. "Liondoe."

"Ningeweza kuliondoa, saa hizi ningekuwa njiani kwenda Santa Cruz," alijibu Don Teófilo. "Unadhani nimelipaki hapa lipigwe picha?"

"Basi lisukume."

"Halisukumiki, mama. Limejifunga lenyewe. Bila ufunguo hata usukani haugeuki."

Mtaa mzima ulikuwa umeshatoa viti nje. Watu wa Cochabamba hawakosi muda wa ugomvi mzuri, hasa wa mjane na mgane wanaopakana ukuta.

Ukweli ni kwamba Don Teófilo hakuwa na wa kumlaumu ila Teófilo. Binti yake aliyeko Santa Cruz alikuwa ameshaamua: baba mzee haishi peke yake, njoo, chumba chako kiko tayari. Akapakia gari, godoro juu, masufuria nyuma. Jana yake majirani wakakusanyika kumuaga, na kwa kuwa ua wa Nicolasa ndio mpana, wakaagana humo. Walikula, wakanywa chicha, pombe ya mahindi, wakamkumbatia. Kila mmoja alimtakia safari njema. Hakuna hata mmoja aliyemwambia baki, na Teófilo, ambaye angebaki kwa neno moja tu, alicheka kwa sauti kuliko wote.

Kisha ikafika zamu ya Mama Ardhi. Kabla ya safari Ardhi hunyweshwa na kulishwa: shimo dogo uani, chicha, majani ya koka, peremende. Teófilo alikuwa ameshalewa, nusu kwa chicha, nusu kwa kujihurumia. Akapiga magoti, akamimina, kisha akakung'uta mifuko yote ya koti lake shimoni. Asubuhi ufunguo haukuonekana.

"Mimi nilikuona kwa macho yangu haya," Nicolasa alikuwa ameshamsimulia yeye na mtaa mzima. "Koka, peremende, ufunguo, vyote ndani. Ukafukia kwa mikono yako mwenyewe."

"Sasa kwa nini hukunizuia?"

"Nimzuie mtu anayesali?"

Teófilo akaomba jembe. Nicolasa akaenda kusimama juu ya shimo, sketi yake pana ya malinda ikalifunika lote. Alichopewa Ardhi hanyang'anywi, alisema. Anayefukua anajiitia msiba nyumbani. Majirani wakaitikia kwa vichwa. Hata Teófilo akaitikia, maana ndivyo mama yake alivyomfundisha.

Basi akamwita fundi wa funguo. Alipokuwa akimsubiri, alijikalisha juu ya boneti akijicheka. Maisha yake yote ametengeneza redio za watu, na leo ufunguo, kiredio tu cha vitufe viwili kinachoongea na gari, umemshinda, ameufanya peremende. Na gari nalo likaanza vituko. Kila Nicolasa alipotoka kuja kumsuta, vioo vya pembeni vilijikunjua vyenyewe, taratibu, kama masikio ya punda. Akirudi ndani, vinajikunja.

"Ona maajabu," alisema Teófilo. "Mama Ardhi anautafuna ufunguo wangu. Jino likigusa kitufe, gari linaitika."

"Au limechoka kukusikiliza wewe, linanisikiliza mimi," alisema Nicolasa.

Mtaa ukacheka, na Teófilo akacheka nao. Mzee aliyemlisha Ardhi gari lake hana haki ya kununa.

Fundi Limbert alipofika, alifungua mlango kwa vyuma vyake vyembamba, akachomeka kimashine chake chini ya usukani, akatazama taa zake zikiwaka.

"Don Teo, nisikilize vizuri," alisema. "Gari likishafundishwa ufunguo mpya, linausahau wa zamani. Hata Ardhi akiutapika kesho, utakuwa wa mtoto kuchezea."

"Liusahau tu. Kama mimi mwenyewe nasahaulika, sembuse ufunguo."

"Na hiyo kazi yako inachukua muda gani?" aliuliza Nicolasa.

"Si muda, mama. Watu wakikaa kula cha mchana, yeye atakuwa anapanda milima."

Nicolasa alitazama godoro juu ya gari. Alitazama geti lake. Akajifuta mikono kwenye aproni, ingawa ilikuwa mikavu.

"Wewe fundi, hebu acha hicho kimashine," alisema.

"Lakini mama, nimeshaanza."

"Basi koma hapohapo. Mtu akitoka mlangoni kwangu na njaa, nani atasemwa? Wewe?"

Limbert akainua mikono kama aliyekamatwa na polisi. Wanaume wa pale hawabishani na mwanamke mwenye chungu jikoni.

Teófilo akamfuata Nicolasa ndani, akijiambia kwamba hata kuku hurushiwa mahindi kabla ya kukamatwa. Alijiandaa kwa suto la mwisho, lile la kumalizia, la faragha. Halikuja. Nicolasa alipakua supu ya karanga, akatupia chipsi juu yake, nyingi, kama Teófilo alivyozipenda. Akaweka bakuli mezani. Akaweka kijiko. Kisha akaingiza mkono kifuani, na kando ya kijiko akaweka ufunguo wa gari, mkavu, bila hata chembe ya udongo.

"Kaa ule, Teófilo," alisema, akimgeuzia mgongo ili apakue bakuli jingine. "Nimepika ya watu wawili."