Mlango Unaouliza Ndugu

"Mlango huu haujawahi kudanganywa na mtu!" alijigamba Chaula, mhudumu wa mlangoni kanisani. Siku hizi mlango humfungulia mtu pale tu ndugu aliyeko ndani anapomkiri kwa sauti, nao hunusa uongo hata ukiupaka asali.

Nje alisimama Bi Sekela, katoka gerezani juzi. Ukoo mzima ulikuwa umemkana.

"Nirudi zangu, mwanangu?" alimwuliza Chaula.

Chaula akapaza sauti kutoka ndani. "Huyo ni shangazi yangu!"

Mlango ukafunguka wote. Bi Sekela akaingia kichwa juu, kanisa likalipuka kwa vigelegele, akapewa kiti cha mbele.

Chaula alipogeuka, baba yake alikuwa amemkodolea macho.

"Mimi nimezaliwa peke yangu, kijana. Sasa ama umedanganya wewe, ama babu yako alituficha mtu."