Mfuko wa Unga wa Nyota

Mjumbe wa kampuni ya unga wa Nyota alifika sokoni Musonoi na kalamu, karatasi na mfuko mpya mtupu. Alitaka kujua kwa nini akina mama wa hapa, miaka yote, hawanunui unga mwingine.

"Mama Huguette, ni sababu bukari inatoka muzuri?" akamuuliza mmoja wao, aliyekuja kununua unga wa ugali.

"Hapana, tata. Ni sababu ya mufuko."

Mjumbe akaandika kwamba wanapenda picha ya nyota iliyo kwenye mfuko. Kisha akampa ule mpya, mwepesi, wenye nyota kubwa zaidi.

Huguette hakuitazama nyota. Alikanyaga kitako cha mfuko, akashika mdomo wake kwa mikono miwili, akavuta. Nyuzi za mshono zikakatika moja baada ya nyingine.

Mjumbe akacheka. "Mama, hii ni ya kubeba unga tu."

"Siku shimo ya madini ilibomokea bwana yangu, benzake balimupitishia mufuko yenu mu makwapa, bakafunga kamba, bakamuvuta mpaka juu. Haikupasuka."

Huguette akamrudishia mjumbe mfuko wake, akamgeukia mwenye duka la unga.

"Batoto yangu babili banashuka mu shimo sasa. Mifuko ya zamani imebakia ngapi?"