Kisu Jenezani

Kanisani Pattada, katika milima ya Sardinia, kaka yake Gavina alitia kisu cha kukunja mfukoni mwa koti la marehemu baba yao.

"Mchungaji hazikwi bila kisu chake," alisema.

Kisu kile baba alimpa yeye akiwa binti mdogo, siku alipomwokoa mwanakondoo aliyenaswa na kamba. Mpini wake wa pembe ulikuwa umebonyea pale alipozoea kuweka kidole gumba.

"Kaka, hicho changu," Gavina alisema. " Baba alikuwa akikiazima tu."

"Usitutie aibu, dada. Mwanamke na kisu cha machungani wapi na wapi?"

Gavina akatumbukiza mkono jenezani mbele ya padri, akakichomoa.

"Haya," akasema, "sasa funikeni."