Kusindikizana Tanga na Mwanza

Kila ndege inayoruka hula kipande kidogo cha njia, na sisi tumeruka mno. Zamani Tanga hadi Mwanza ilikuwa safari ya kusinzia ukaamka. Mwisho rubani aliwasha injini Tanga, pua ya ndege ikagonga ukuta Mwanza. Uwanja ukafungwa. Siku hizi tunakwenda kwa miguu, na miguu nayo hula njia kidogokidogo.

Sina neno, mama mkwe anatuletea sato wa ziwani bado anarukaruka. Taabu ni kusindikizana. Mke wangu Kabula hawezi kumwacha mama yake arudi peke yake, basi anamfikisha Mwanza. Mama naye hawezi kumwacha mwanawe, anamrudisha Tanga. Huku na huku, wanacheka tu, mimi nalala peke yangu kama kapera.

Jana nikafoka, "Kabula, leo unalala kwako au kwenu?"

"Baba Holo, una wivu na mama mkwe wako? Haya, sogea!"

Akalala nyumbani. Nimeamka naye anakoroma ubavuni, roho yangu kwatu. Nikafungua dirisha niitazame bahari yetu, nikakuta ziwa la kwao.