Gunia la Tano

Adela alichovya karatasi nyekundu ya litmasi kwenye maji aliyokorogea unga wa gunia la nne, akahesabu taratibu hadi thelathini. Karatasi ilibaki nyekundu, kama kwa magunia matatu ya kwanza. Chokaa ya kweli ingeigeuza bluu.

"Mwalimu, karatasi zako zimelala," kaka yake alicheka, ameegemea magunia aliyoyaleta kuuza. "Hizo ni za enzi za Ujamaa."

Huenda ni kweli, aliwaza. Akaenda jikoni, akachota majivu, akayakoroga kwenye kikombe cha maji. Akatoa karatasi nyingine kwenye kopo lilelile, akaichovya.

Bluu ilipanda palepale, ikakaribia ukucha wake.

Kaka yake akaacha kuegemea magunia.

Ni Adela mwenyewe aliyesimama kwenye jumuiya ya kanisa akawaambia akina mama wa Mshangano kwamba mashamba yao yana tindikali, na kwamba chokaa ya kaka yake itayatibu. Wameuza mahindi ya akiba ili wainunue.

"Siku hizi ni soko huria, mdogo wangu. Tuyamalize humu ndani."

"Wangemwaga udongo mweupe shambani, kaka. Kwa neno langu!"

Adela akarudisha kifuniko cha kopo. Akakikandamiza kwa kiganja.

"Magunia sita yamebaki. Kesho baada ya misa tunaanza na la tano, mbele yao wote. Na kuchovya, utachovya wewe."