Risasi Iliyong'aa

Adow, askari wa akiba wa Masalani, alimimina risasi zake tatu kiganjani. Mbili zilikuwa zimeota kutu ya kijani; kwa umbali ule zisingefika sawasawa. Akachagua iliyong'aa, akaifuta kwa kikoi.

Ng'ambo ya mto Tana uliofurika, ngamia wake alikuwa amenasa topeni, na fisi walikuwa wameanza kumla akiwa hai. Mashua hazikuwa zimevuka tangu jana.

"Piga fisi!" mkewe alilia.

"Nikiua mmoja, wengine watarudi."

Mkewe akaelewa. Akajifunika uso kwa mtandio.

Adow akalenga bunduki, lakini ngamia alikuwa amelaza kichwa, tope limekificha. Basi Adow akaimba kwa sauti yote wimbo wa kumwita kisimani kunywa maji.

Ngamia akainua kichwa, akamtafuta.